Plastiki Inayorudisha Nuru Isifichwe na Ujinga

Katika vijiji vingi vya Mkoa wa Ruvuma, kuanzia tambarare za Namtumbo hadi miteremko ya Mbinga inayotazama Ziwa Nyasa, huonekana jambo ambalo watu wamelizoea kiasi cha kutoliuliza tena. Mzee anatembea, mkono wake umeshika fimbo, na ncha ya pili ya fimbo hiyo imeshikwa na mtoto. Mtoto huyo ni mjukuu, na aghalabu ni wa umri wa kuwa darasani. Babu au bibi amepoteza nuru ya macho kwa maradhi ya mtoto wa jicho. Mjukuu naye anapoteza masomo kwa kuwa amegeuzwa kuwa macho ya mzee wake. Hivyo ugonjwa mmoja umekwisha kuwatia hasara watu wawili, na kwa njia yao umelitia hasara Taifa zima.

Dawa ya hasara hiyo inajulikana. Ni upasuaji mfupi ambao, mikononi mwa daktari aliyezoea, huweza kumalizika kabla chai haijapoa. Lenzi ya asili ya jicho, ambayo imekwisha kuwa nyeupe kama maziwa, hutolewa. Na mahali pake huwekwa lenzi ndogo ya plastiki yenye upana wa milimita 6 hivi. Plastiki hiyo ni ya ukoo mmoja na ile iliyochongwa kibao cha jina kwenye mlango wa ofisi mjini Songea, na ile ya taa nyekundu ya nyuma ya basi liendalo Makambako. Jina lake ni akriliki. Wanakemia huiita polimethili methakrilati, nao wafanyabiashara huijua zaidi kwa majina ya viwandani, Perspex na Plexiglas.

Jambo linalostahili kutazamwa na kila mwalimu na kila mtumishi wa umma ni hili: plastiki hiyo inapita mikononi mwa watu kila siku, lakini ni wachache wanaoijua. Na kutoijua huko si kasoro ndogo ya mtihani wa kemia. Ni miongoni mwa sababu zinazomfanya mzee akae gizani miaka mingi hali nuru yake ingeweza kurudi.

HOFU ISIYO YA KUCHEKWA

Mzee anapoambiwa kwamba jichoni mwake patawekwa plastiki, huuliza maswali. Je, haitayeyuka kwa jua? Je, haitaoza? Je, mwili hautaikataa kama unavyoukataa mwiba? Wapo watumishi ambao husikia maswali hayo wakacheka, wakasema kwamba wananchi hawajaelimika. Kicheko hicho ni cha makosa.

Mwanakijiji anaijua plastiki kwa ushahidi wa macho yake. Ameona ndoo ikiachwa juani msimu mmoja ikawa dhaifu na kupasuka. Ameona mfuko ukiangukia karibu na jiko ukanywea na kuyeyuka. Ameona kandambili ikikatika na chupa ya maji ikikunjamana kwa maji ya moto. Kutokana na hayo anahitimisha kwamba plastiki ni kitu kisicho na uthabiti, na kwamba si busara kukitia jichoni. Hoja yake imejengwa vizuri. Kosa lililomo ni moja tu, nalo ni kudhani kwamba plastiki zote ni kitu kimoja. Kosa hilo hawezi kulisahihisha peke yake. Linapaswa kusahihishwa na yule aliyesomeshwa kwa jasho lake.

TABIA ZA AKRILIKI

Neno plastiki ni kama neno mti. Mninga ni mti na mpapai ni mti, lakini hakuna fundi seremala anayetengeneza mlango kwa mpapai. Vivyo hivyo plastiki ya mfuko, plastiki ya bomba la maji na akriliki zina asili mbalimbali na tabia mbalimbali.

Kwanza ni uangavu wake. Kipande cha akriliki hupitisha karibu asilimia 92 ya mwanga unaoonekana kwa macho. Asilimia 8 iliyobaki haimezwi na plastiki yenyewe, bali karibu yote hurudishwa na nyuso zake mbili, wa mbele na wa nyuma. Ndiyo sababu akriliki hata ikiwa nene hubaki angavu, wakati kioo cha kawaida kikizidi unene huonyesha ukijani. Matangi makubwa ya kuoneshea samaki wa baharini, yanayojengwa katika miji mikubwa ya dunia, huwekewa kuta nene za akriliki kwa sababu hiyo.

Pili ni wepesi wake. Sentimita moja ya ujazo ya akriliki ina uzito wa gramu 1.19 hivi, hali ile ya kioo cha dirisha ina gramu 2.5. Kwa ukubwa ule ule, akriliki haifikii nusu ya uzito wa kioo. Tena hustahimili kishindo kuliko kioo, na ikivunjika haitawanyiki kwa vigae vingi vikali kama kioo kinavyofanya.

Tatu, na hili ndilo linalomhusu mzee, ni uthabiti wake. Akriliki hubaki ngumu hadi joto likaribie nyuzi 105 za Sentigredi. Joto la mwili wa binadamu ni nyuzi 37. Hakuna jua la Tunduru wala la Mtwara litakaloilainisha lenzi iliyomo ndani ya jicho, kwa kuwa kabla ya plastiki kulainika binadamu mwenyewe angekuwa hayupo. Mionzi ya jua inayoichakaza ndoo huiathiri akriliki kwa kiasi kidogo mno. Mabango yaliyotengenezwa kwayo hukaa nje miaka mingi bila kugeuka manjano. Hainywi maji ila kidogo sana. Wadudu hawaili, nayo haiozi. Na mwili wa binadamu hukaa nayo kwa amani. Kwa sababu hizo hizo ndiyo inayotumika kwa ufizi wa meno ya bandia, na madaktari wa mifupa huitumia kushikiza nyonga za bandia.

Ni haki pia kutaja udhaifu wake. Akriliki hukwaruzika upesi kuliko kioo. Hushika moto. Na baadhi ya vimiminika huidhuru, kama itakavyoelezwa hapa chini.

MAJERAHA YALIYOGEUKA ELIMU

Historia ya plastiki hii inafundisha. Mjerumani Otto Röhm aliandika tasnifu yake juu ya jamii ya akriliki mwaka 1901, na kampuni aliyoianzisha pamoja na Otto Haas mwaka 1907 ndiyo iliyosajili jina la Plexiglas mwaka 1933. Karibu wakati huo huo, nchini Uingereza, wanakemia Rowland Hill na John Crawford wa kampuni ya ICI walifikia ugunduzi kama huo, nao wakaiita plastiki yao Perspex. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, plastiki hiyo ilikuwa tayari ikifunika vyumba vya marubani wa ndege za kivita, kwani ilikuwa nyepesi na angavu.

Ndege hizo zilipopigwa risasi, vipande vya Perspex viliruka na kuingia machoni mwa marubani. Daktari wa macho Harold Ridley wa London alipowatibu aliona ajabu moja. Vigae vya kioo na vya chuma huleta uvimbe na usaha, lakini vipande vile vya plastiki vilitulia jichoni bila kuleta ghasia, isipokuwa pale ncha kali zilipochoma sehemu laini. Baadaye mwanafunzi mmoja wa udaktari, akimtazama akimtoa mgonjwa mtoto wa jicho, alimuuliza kwa nini haweki lenzi nyingine mahali pa ile aliyoitoa. Ridley aliunganisha swali la mwanafunzi na vipande vya marubani. Tarehe 29 Novemba, 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, alifanya upasuaji wa kwanza wa kuweka jichoni lenzi iliyochongwa kwa akriliki.

Wakubwa wa taaluma hiyo walimpinga kwa miaka mingi. Walisema kwamba kazi ya daktari ni kutoa vitu vigeni jichoni, si kuviingiza. Lakini ukweli hauzimwi kwa vyeo. Njia yake ikaboreshwa na wengine, ikaenea, na yeye mwenyewe katika uzee wake alitiwa lenzi za namna hiyo katika macho yake. Mwaka 2000, mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake, nchi yake ilimtunukia heshima ya juu.

Mwalimu ayatafakari mambo mawili katika kisa hicho. Jambo la kwanza ni kwamba swali la mwanafunzi lilisikilizwa. Jambo la pili ni kwamba ugunduzi ulitokana na kuangalia kwa makini kitu ambacho wengine walikiona kila siku bila kukitazama.

KABLA YA LENZI NA BAADA YAKE

Zamani, mgonjwa aliyetolewa mtoto wa jicho alipewa miwani mizito yenye vioo vinene. Bila miwani hiyo hakuona ila ukungu. Ikivunjika shambani, au ikichukuliwa na watoto kuchezea, mzee alirudi gizani, na safari ya kutafuta miwani nyingine ilikuwa ya siku nyingi. Lenzi ya akriliki imeiondoa adha hiyo. Hukaa ndani ya jicho maisha yote, haiibiwi wala haihitaji kufutwa.

Haifai, hata hivyo, kuahidi zaidi ya kinachowezekana. Lenzi hiyo hutibu mtoto wa jicho tu. Haitibu upofu unaotokana na presha ya macho, wala kovu la trakoma. Tena baadhi ya waliopasuliwa huweza kuona ukungu tena baada ya muda, kwa sababu utando uliobaki nyuma ya lenzi umekuwa mzito; nao hao hutibiwa. Ndiyo maana mgonjwa anatakiwa kupimwa na mtaalamu kwanza na kurudi kuangaliwa baadaye. Lakini mtoto wa jicho ndiyo sababu kubwa ya upofu duniani, na Tanzania si nchi iliyoepukana na hali hiyo. Kwa hiyo aliyemfikisha mzee mmoja kwenye kipimo amefanya kazi yenye matumaini makubwa.

JINSI INAVYOTENGENEZWA

Mtu akiuliza plastiki hii inatoka wapi, jibu lake ni refu lakini linaeleweka. Katika njia iliyotumika viwandani kwa miaka mingi zaidi, vitu vinne hukutanishwa. Kimoja ni asetoni, kimiminika kinachojulikana kwa mafundi rangi na kwa akina mama wanaofuta rangi ya kucha. Cha pili ni sianidi ya haidrojeni, sumu kali iliyo ya jamii moja na sianidi inayotumika kuchenjulia dhahabu katika migodi ya Kanda ya Ziwa. Cha tatu ni asidi ya salfuriki, ambayo ndiyo iliyomo katika betri za magari. Cha nne ni methanoli, namna ya pombe isiyonyweka kwa kuwa hupofusha na kuua.

Asetoni huunganishwa na sianidi. Mchanganyiko huo hupitishwa katika asidi. Kisha huongezwa methanoli. Kinachopatikana ni methili methakrilati, kimiminika angavu chenye harufu kali, kinachochemka kwenye nyuzi 100 hivi. Pamoja nacho hubaki takataka nyingi za chumvi ya amonia na asidi, ambazo kiwanda hakina budi kuzishughulikia. Zimekwisha kupatikana njia nyingine zisizotumia sianidi. Nchini Singapore, mathalan, kilianza kazi mwaka 2008 kiwanda kinachotumia ethilini, monoksidi ya kaboni na methanoli.

Kimiminika hicho bado si plastiki. Hugeuka kuwa plastiki pale chembe zake zinapoungana, moja baada ya nyingine, kama shanga zinazotungwa katika uzi mrefu. Huhitaji kichocheo kidogo ili kuanza, na likiisha kuanza hutoa joto lake lenyewe. Hapo ndipo ustadi wa fundi unapopimwa. Joto likiachwa lipande ovyo, kimiminika huchemka ndani ya kalibu na plastiki hutoka imejaa mapovu. Zaidi ya hayo, kinapoganda hunywea kwa karibu sehemu moja kati ya tano ya ujazo wake. Kwa hiyo mafundi kwanza hukipika nusu, kikawa kizito kama asali. Kisha hukimimina kati ya vioo viwili vilivyotenganishwa na ukanda laini unaokubali kubanwa, ili vioo visogeleane kadiri plastiki inavyonywea. Halafu hupashwa moto polepole kwa saa nyingi, na mwisho hupozwa taratibu. Kasi huharibu kazi hii.

Somo lake ni pana kuliko karakana. Chembe moja ya kimiminika hicho haina nguvu yoyote; maelfu yakiungana katika mnyororo mmoja hufanya kitu kinachozuia maji ya bahari kwenye tangi la samaki.

MFANO WA ASMARA

Wapo watakaosema kwamba mambo hayo ni ya Wazungu na Wajapani, na kwamba nchi za Afrika hazina la kufanya ila kununua na kusubiri misaada. Historia inawakatalia.

Hadi kufikia mwisho wa miaka ya 1980, lenzi moja iliyotengenezwa katika nchi tajiri iliweza kugharimu dola 100 za Marekani au zaidi. Mkulima wa mahindi asingeweza kuinunua, wala hospitali ya wilaya isingeweza kuiweka ghalani. Mwaka 1992 Wahindi wa Madurai walianzisha kiwanda cha Aurolab. Mwaka 1994 kilifunguliwa kiwanda kingine mjini Asmara, Eritrea, kwa juhudi zilizoanzishwa na daktari wa Australia, Fred Hollows, ambaye alifariki mwaka 1993 kabla ya kukiona. Eritrea wakati ule ilikuwa imetoka katika vita vya miaka 30 na ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu kama nchi huru. Kutokana na viwanda vya aina hiyo bei ya lenzi iliporomoka hadi kufikia dola 10 na chini yake.

Kitu cha kuzingatiwa ni kwamba Eritrea haikuanza kwa kujenga kiwanda cha sianidi wala cha asetoni. Ilianza mwishoni mwa mnyororo: kuichukua akriliki safi, kuichonga, kuing'arisha, kuipima na kuifunga katika hali ya usafi mkubwa. Kazi hiyo ilihitaji mikono yenye nidhamu zaidi ya mitambo mikubwa. Taifa lililokaa kwa amani muda mrefu lina sababu gani ya kudhani kwamba haliwezi?

Tanzania ina mali ghafi ambazo siku moja zinaweza kuiingiza katika kazi hii kuanzia mizizi. Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na ndani ya Mkoa wa Ruvuma wenyewe yapo makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani Mbinga. Methanoli hutengenezwa kwa gesi na hutengenezwa kwa makaa. Lakini mipango mizuri haianzi kwa ndoto kubwa iliyobandikwa ukutani. Inaanza kwa hatua ambayo watu wanaiweza, na hatua hiyo ipo: kujua kuichonga, kuikunja na kuiunganisha akriliki kwa ustadi. SIDO, iliyoundwa mwaka 1973, na vyuo vya VETA ndivyo vyombo vilivyowekwa kwa ajili ya mafunzo ya namna hiyo. Kijana wa Songea anayekata vibao vya majina ya ofisi leo anaweza kesho kutengeneza vifaa vya kufundishia vya shule za mkoa mzima, badala ya vifaa hivyo kuagizwa kutoka mbali kwa fedha za kigeni.

WAJIBU WA MWALIMU

Mwalimu anayelalamika kwamba hana maabara aangalie tena mikono ya wanafunzi wake. Humo mna rula za plastiki, kalamu na vifuniko vya chupa. Achukue lita 1 ya maji na kuyeyusha ndani yake gramu 150 za chumvi. Plastiki ya mfuko itaelea hata katika maji matupu. Polistairini, ambayo ni plastiki angavu ya rula nyingi zinazokatika ovyo, itazama katika maji matupu lakini itaelea katika maji ya chumvi. Akriliki itazama katika yote mawili. Kwa chumvi ya jikoni peke yake wanafunzi watakuwa wamejifunza densiti, wametofautisha plastiki tatu, na wamefahamu kwamba maumbile hupimwa na hayaaminiwi kwa sura.

Kisha awaonyeshe jinsi mwanga unaoingia upande mmoja wa kipande cha akriliki unavyosafiri ndani yake na kung'aa kwenye kingo za upande wa pili. Na somo likiisha awape kazi ya nyumbani isiyo ya daftari: kila mmoja aulize katika ukoo wake kama yupo mzee ambaye mboni ya jicho imekuwa nyeupe, na amweleze kile alichojifunza. Watoto hao ndio watakaolipeleka neno mahali ambapo hakuna gari la serikali linalofika wakati wa masika. Na pale mwalimu anapoona jina la mwanafunzi halina alama ya mahudhurio kwa majuma, asitosheke kuandika mtoro. Aulize anamwongoza nani.

WAJIBU WA MTUMISHI WA UMMA

Mtendaji wa kijiji na wa kata anajua kila kaya. Anajua nani hajalipa mchango na nani amehama. Kwa nini basi asiwe na orodha ya wazee wasioona, ili timu ya madaktari wa macho inapofika, au nafasi inapopatikana hospitalini, majina yawe tayari? Si mara chache tangazo la kliniki ya macho hubandikwa kwenye ubao wa ofisi. Kumtangazia kipofu kwa maandishi ni dhihaka, hata kama aliyelibandika hakukusudia.

Kuhusu gharama, Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwaweka wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo miongoni mwa wanaostahili kutibiwa bila malipo. Haki iliyoandikwa haimfikii mwenyewe kwa miguu yake. Inahitaji mtumishi wa kuisaini barua, kuithibitisha, na kueleza mzee aende wapi na siku gani. Mtumishi anayeiweka barua hiyo chini ya majalada kwa wiki tatu ajue kwamba amelifunika jicho la mtu kwa karatasi.

Wapo wazee wanaoambiwa na majirani kwamba wangoje mpaka mtoto wa jicho "aive". Ushauri huo umepitwa na wakati. Kungoja humzidishia mzee miaka ya kuanguka, ya kuungua motoni na ya kutegemea watu, na mtoto wa jicho aliyekomaa kupita kiasi humpa daktari kazi ngumu zaidi.

TAHADHARI

Watumishi wanaonunua akriliki kwa ajili ya ofisi nao wana la kujifunza. Wakati wa janga la Uviko-19 mwaka 2020, ofisi na mabenki katika nchi nyingi ziliweka ngao za plastiki angavu kwenye kaunta, kisha zikafutwa kwa spiriti kila siku. Baada ya muda ngao nyingi zilijaa nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui. Kosa halikuwa la plastiki. Spiriti, asetoni na petroli huidhuru akriliki. Inatakiwa kusafishwa kwa maji, sabuni na kitambaa laini. Fedha ya umma ilipotea kwa kukosa sentensi moja ya maelezo.

Kosa la pili ni la hatari kuliko hilo. Tarehe 2 Agosti, 1973, jengo la starehe lililoitwa Summerland, katika kisiwa cha Man, lililokuwa limefunikwa kwa mapande makubwa ya akriliki, liliungua na watu 50 walipoteza maisha. Kuta zilizopendeza kwa uangavu ziliulisha moto. Hii haina maana kwamba akriliki haifai kwa majengo. Paa la uwanja wa Olimpiki wa Munich la mwaka 1972 lilitengenezwa kwayo na likasifiwa duniani. Ina maana kwamba bweni, ukumbi na njia ya kutokea visiwekewe kuta za plastiki bila ushauri wa wataalamu wa moto.

PINGAMIZI LA MAZINGIRA

Litabaki pingamizi moja, nalo ni la heshima. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kuanzia tarehe 1 Juni, 2019, baada ya mifuko hiyo kuziba mitaro, kuua mifugo na kuchafua mashamba. Je, si kujipinga kuisifu plastiki nyingine?

Hakuna kujipinga. Mfuko ulihukumiwa kwa sababu ulitumika nusu saa na kubaki ardhini vizazi na vizazi. Lenzi hutumika maisha yote ya mtu. Kipimo cha haki ni kazi ambayo kitu kinafanya, muda kinaofanya kazi hiyo, na mahali kinapokwenda baada ya hapo. Kwa kipimo hicho hicho mabaki ya akriliki yanayokatwa katika karakana za mabango hayastahili kuchomwa moto uani. Yakusanywe. Kwa kuwa akriliki ina sifa ambayo plastiki nyingi hazina: ikipashwa joto la nyuzi 350 hadi 400 pasipo hewa, mnyororo wake hufumuka na sehemu kubwa hurudi kuwa kimiminika kile kile ilichotokana nacho, tayari kutengenezwa upya. Kazi hiyo ni ya kiwanda chenye wataalamu, si ya sufuria nyuma ya nyumba, kwani mvuke wake hudhuru na hushika moto. Lakini mali iliyokusanywa humngoja mwenye ujuzi. Iliyochomwa haimngoji mtu.

Wahenga walisema kwamba kuuliza si ujinga. Ujinga ni kukaa na jibu mkononi na kutolitoa kwa anayelihitaji. Katika Songea leo jibu limo katika kibao cha mlangoni, katika rula ya mwanafunzi na katika taa ya basi. Mwalimu alitoe darasani na mtendaji alipeleke kijijini. Ukifika muhula mpya, mzee aende shambani kwa miguu yake akiona njia, na mjukuu aende shule akiwa ameiacha fimbo.